Intavyu ya karani wa nyaraka, kampuni ya kliaringi, ni Alhamisi. Nijibuje?

Binti_Kisauni

Assalaam aleikum, na wengine hamjambo.

Nimepigiwa simu leo mchana. Intavyu ni Alhamisi saa tatu asubuhi, kampuni ya kliaringi (ya kukomboa mizigo bandarini), ofisi iko Moi Avenue. Kazi yenyewe ni karani wa nyaraka. Nina diploma ya ugavi, na atachimenti (mazoezi ya kazi ya chuoni) nilifanyia CFS moja, yaani yadi ya makontena nje ya bandari, huko Changamwe. Tangu nimalize chuo sijapata kazi ya kuandikwa. Niko dukani kwa ami yangu Kongowea, anauza spea za pikipiki. Namshikia hesabu na kumfuatilia mizigo yake inayotoka China. Hilo kwenye CV sikulitia, naona ni kazi ya nyumbani tu.

Intavyu ya mwisho niliyokwenda (kampuni nyingine, jina silitaji) waliniambia, "Tueleze kukuhusu." Nikaanza na nilikozaliwa, shule ya msingi, sekondari, mmoja wao akatoa simu akawa anasoma. Wakaniuliza udhaifu wangu, nikawapa lile jibu la chuoni kwamba napenda kazi kupita kiasi. Wakacheka. Kisha yule mkubwa akauliza kama nina mchumba, na kama nina mpango wa kuzaa karibuni. Nilinyamaza kimya. Mshahara nikasema chochote mtakachonipa.

Alhamisi sitaki hadithi ile ile. Wenye uzoefu nisaidieni, hasa waliowahi kufanya kazi za bandarini.

Likoni_Hadi_Mwisho

Dadangu, kwanza kufika. Usiamini daraja la Nyali asubuhi. Ukitoka Kisauni saa mbili kasorobo utaiona saa tatu ukiwa bado kwenye matatu, unaangalia maji tu. Bora ufike mapema ukae mahali unywe chai. Sisi wa ng'ambo ya feri tumefunzwa hilo kwa nguvu.

Cheti cha tabia njema je, unacho? Kama huna, omba leo kwenye eCitizen, ni shilingi 1,050, uende Huduma Centre pale Posta, Digo Road, ukapigwe alama za vidole. Hakitatoka kabla ya Alhamisi, lakini ukiulizwa utakuwa na risiti ya kuonyesha.

Bi_Shimanzi

Mwanangu, mimi nimestaafu. Kliaringi niliianza enzi za kujaza entry, yaani fomu ya forodha ya mzigo, kwa karatasi na kupanga foleni forodhani, nikaimalizia kwenye huu mfumo wa forodha wa kompyuta, iCMS, na miaka ya mwisho nilikuwa nahoji watu. Kwa hivyo haya si ya kusikia.

Kwanza umenikera. Unafuatilia mizigo ya China, unakagua katoni, unapigizana simu na mawakala, halafu unaomba kazi ya kufuatilia mizigo na hilo hulisemi! Leo usiku fungua hiyo CV uandike juu kabisa: karani wa hesabu na mizigo, duka la spea za pikipiki, Kongowea, mwaka ulioanza hadi sasa. Uende na nakala mpya mkononi uwape, useme umeongeza. Mtu wa kliaringi akimpata kijana aliyewahi kukaa upande wa mteja, akingojea kontena huku pesa ya watu imelala baharini, atamsikiliza.

"Tueleze kukuhusu" si swali la kuzaliwa kwako. Anza na unachofanya sasa, rudi nyuma hadi Changamwe, maliza na kwa nini nafasi hii. Dakika mbili, basi. Shule ya msingi iache huko huko Kisauni.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana hapo ndipo wengi wanapopotelea. Wanajitayarisha kwa maswali ya vitabuni, yule bwana mbele yao anawaza kontena lililokwama. Mimi nilipenda kuuliza hivi: kontena limeshushwa Ijumaa, jina la mpokeaji kwenye BL (hati ya shehena ya kampuni ya meli) limekosewa herufi. Utafanya nini?

Tisa katika kumi: "Nitamjulisha bosi." Haya, bosi amejua. Kisha?

Aliyeifanya kazi atakwambia: jina la kwenye manifesti (orodha ya mizigo ya meli) na la kwenye entry yasipolingana hatuendi popote, kwa hivyo namtafuta wakala wa meli arekebishe manifesti kwenye mfumo wa KRA, mamlaka ya kodi. Namwandikia mteja siku hiyo hiyo, kwa barua pepe, si simu peke yake, nimwambie kumetokea nini na tutachelewa kwa sababu gani. Halafu nahesabu siku. Mzigo wa humu nchini una siku 4 za bure bandarini, wa transiti, unaopita kwenda nchi jirani, una 9. Zikiisha, storeji inaanza kupanda. Na hapo uwe makini: storeji unalipa bandari au CFS kwa sababu mzigo umekalia uwanja wao, demareji unalipa kampuni ya meli kwa sababu umeshikilia kontena lao. Ukizichanganya hizo mbili mbele ya mtu wa operesheni atajua atachimenti yako iliishia kwenye mashine ya fotokopi.

Namba za HS, zile za kuainisha bidhaa forodhani, hakuna atakayekutaka uzijue zote. Jua kwamba tarakimu 6 za mwanzo ni za dunia nzima na sisi Afrika Mashariki tunatumia 8. Na wewe una bahati, bidhaa unayo dukani. Spea nyingi za pikipiki ziko kwenye kichwa, yaani kundi, cha 8714. Lakini tairi ni 4011, na vifaa vya injini kama pistoni vinakwenda 8409. Katoni hizo hizo za ami yako, kontena moja, vichwa vitatu. Ukilisema hilo bila kuulizwa, yule wa simu ataiweka chini.

Udhaifu: sema wa kweli, uwe mdogo, na useme unaufanyia nini. Kijana mmoja aliniambia macho yake yana haraka, anaruka tarakimu. Namba ya kontena ni herufi nne na tarakimu saba, ukikosea moja tu umeomba kontena la mtu mwingine. Akatoa rula mfukoni, ya plastiki, ncha imekatika. Akasema anaiweka chini ya kila mstari, anasoma kwa sauti kwenda mbele, kisha anasoma tena kutoka nyuma. Nilimwandika kazi kabla hajamaliza chai.

Pengo la kukaa bila kazi usilikimbie. Wanaohoji hapa Mombasa wanajua. Ile amri ya 2019 ya mizigo kupandishwa SGR, ile reli mpya, ikakombolewe Nairobi ilifunga ofisi ngapi hapa mjini? Watu wazima wenye leseni walikwenda kuuza maji. Mpaka 2022 uliporudishwa ukombozi wa mizigo hapa, CV za Wapwani wengi zilikuwa na shimo, na hakuna aliyeshangaa. Sema ulikuwa wapi, kwa sentensi moja, uendelee.

Wakili_Mtarajiwa

Kuhusu lile swali la mchumba na kuzaa. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza kumbagua mtu kwa jinsia, ujauzito au hali ya ndoa, na hakiihusu serikali peke yake. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inamlinda hata anayeomba kazi, si aliyeajiriwa tu, na ujauzito umetajwa humo. Mimi ningewaambia pale pale kwamba swali hilo haliruhusiwi.

Bi_Shimanzi

Mwanasheria wangu, umesema kweli na sheria umeijua. Lakini wewe ukishawaambia hivyo utarudi chuoni, yeye atarudi Kongowea.

Binti, ukiulizwa hilo tena, jibu kinachowatia hofu, si walichouliza. Hofu yao ni moja tu, utakuwepo au hutakuwepo. Sema: "Hakuna jambo litakalonizuia kufika kazini saa zote mnazohitaji, hata siku meli zimekuja pamoja." Tabasamu, nyamaza. Akirudia mara ya pili, hapo mwambie kwa adabu kwamba ungependa mzungumzie kazi. Akirudia mara ya tatu, mwanangu, shukuru umemjua mapema, kazi hiyo waachie wao. Na ukifika nyumbani andika tarehe na maneno yaliyosemwa. Huyu mwanasheria wetu atakwambia kwa nini.

Fundi_wa_Makupa

Mshahara usitaje wewe kwanza. Wataje wao.

Bi_Shimanzi

Fundi, hiyo ni ya kununua samaki. Pale wanaouliza ni wao, na ukikwepa mara mbili unaonekana hujui bei ya kazi yako. Ila "chochote" ni mbaya zaidi, kwa sababu kweli watakupa chochote. Binti, leo na kesho tafuta watu wawili watatu uliokuwa nao Changamwe, waulize karani anayeanza analipwa ngapi sasa hivi. Uende na kiwango cha chini na cha juu, cha chini kiwe kile ambacho nauli ya Kisauni na chakula cha mchana vikitoka bado kuna kitu. Kisha uliza muda wa majaribio ni miezi mingapi. Sheria inasema usizidi 6, na kuongezwa ni kwa ridhaa yako. Nimeona vijana wakiwa kwenye "majaribio" mpaka wanaoa.

Binti_Kisauni

Wallahi nimeshukuru. Bi mkubwa, nimejaribu jibu la kwanza, nisahihishie:

"Mimi ni mchapakazi, mwaminifu na napenda kujifunza. Kwa sasa nasaidia duka la spea Kongowea ambako tunaagiza mizigo kutoka China. Kuna wakati mzigo ulifika ukiwa na upungufu na tukasaidiana kulitatua. Kabla ya hapo nilikuwa atachimenti Changamwe ambako nilijifunza mambo mengi. Naomba nafasi hii ili nikuze kipaji changu."

Bi_Shimanzi

Sentensi ya kwanza futa yote. Hata mwizi hujiita mwaminifu.

"Nasaidia" futa, weka unachofanya. "Upungufu" wa nini? "Tukasaidiana" nani na nani? "Mambo mengi" taja mawili. Kipaji hawakukuuliza.

Hebu niambie ule mzigo ulikuwaje, kwa maneno yako, kama unamhadithia mamako.

Binti_Kisauni

Ankara na orodha ya mzigo zote zilisema katoni 40. Tulipofungua zilikuwa 38. Ami akaanza kumpigia kelele dereva. Mimi nikazipanga kwa namba, maana kila katoni ina namba ubavuni, nikaona hazipo 17 na 18, zote za cheni. Nikapiga picha zile namba, nikamtumia muuzaji pamoja na orodha. Akakubali alizisahau stoo, akazitia kwenye mzigo uliofuata bila malipo.

Bi_Shimanzi

Basi si hilo! Hilo ndilo jibu, usiongeze chumvi. Nakuwekea sawa:

"Kwa sasa nashika hesabu na mizigo kwenye duka la spea za pikipiki Kongowea. Kila mzigo ukifika nalinganisha ankara, orodha na katoni zenyewe. Mara moja zilipungua katoni mbili. Nilizipanga kwa namba, nikajua ni zipi, nikamtumia muuzaji picha na orodha, akazileta mzigo uliofuata. Kabla ya hapo nilikuwa CFS Changamwe, nikipokea nyaraka za kutolea makontena na kukagua namba za lakiri. Nataka kazi ya nyaraka kwa sababu hiyo ndiyo nimekuwa nikiifanya kwa upande wa mteja."

Hiyo ya lakiri nimebuni mimi. Kama hukuifanya itoe uweke uliyoifanya, kwa maana ndiyo watakayoichimba. Dereva na kelele za ami yako ziache nje.

Wakiuliza kwa Kiingereza jibu kwa Kiingereza, sentensi fupi fupi. Hadithi ya katoni iseme kwa lugha zote mbili leo usiku, kwa sauti, mpaka nduguzo wakufukuze.

Fundi_wa_Makupa

Ongezeni hili: akipigiwa simu aambiwe atume pesa ya fomu au ya "medikali" kwa M-Pesa ndipo apewe barua, akate simu. Binamu yangu alitumiwa tangazo zuri la kazi za bandarini, lina nembo na kila kitu. Mpaka leo anatafuta aliyelituma.

Bi_Shimanzi

Kweli kabisa. Mwajiri anakulipa wewe, si wewe umlipe.

Binti, swali la mwisho nikuache. Mfumo umelala tangu asubuhi, entry haziendi, leo ni siku ya mwisho ya bure, mteja anafoka kwenye simu. Unafanya nini?

Fundi_wa_Makupa

Naagiza mahamri.

Bi_Shimanzi

Wewe hujaitwa intavyu. Binti, jibu.

Binti_Kisauni

Napiga picha ya skrini inayoonyesha mfumo umekwama. Namwandikia mteja tatizo ni la mfumo na nitamjulisha kila saa hata kama hakuna jipya. Nyaraka nyingine zote naziweka tayari ili ukifunguka niwe wa kwanza. Na zile picha nazihifadhi, storeji ikitozwa tuombe msamaha tukiwa na ushahidi.

Bi_Shimanzi

Picha iwe na saa na tarehe, ionekane vizuri. Bila hizo hakuna atakayeisoma barua yako ya msamaha.

Alhamisi ukitoka tu, njoo hapa utuandikie walichouliza, kabla hujasahau.