Mlinzi wa gesti, nakatwa 55,000 kila mwezi. Naweza kudai?

Zamu_ya_Usiku (18 Machi 2024)
Wakuu, heshima kwenu. Nalinda gesti hapa Dodoma, saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi, siku 6 kwa wiki. Mshahara kwenye karatasi ni 148,000, mkononi napata 93,000. Bosi anasema 148,000 ndiyo kima cha chini cha walinzi, nisimsumbue. Ni kweli? Nisaidieni, usingizi sipati.

Kalamu Nyekundu
Mkuu, umeajiriwa na kampuni ya ulinzi au na gesti yenyewe? Amri ya Kima cha Chini ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Januari 2023, inaangalia sekta ya mwajiri. Kwa sasa, 2024, 148,000 ni ya kampuni ndogo za ulinzi, kampuni kubwa ni 222,000. Kama anayekulipa ni gesti, uko kwenye fungu la migahawa, gesti na baa: 150,000.

Zamu_ya_Usiku
Gesti yenyewe. Mkataba wa maandishi sina.

Mtoto wa Kizota
Mimi linaloniuma ni hilo fungu la ulinzi. Bodi za mishahara zina wawakilishi wa wafanyakazi, waajiri na serikali, wanapendekeza, Waziri wa Kazi anatangaza kwenye Gazeti la Serikali. Amri ya 2013 ilikaa hadi mwisho wa 2022! Kima kikikaa miaka tisa na nusu huku unga unapanda, kinabaki jina.

Fundi Hesabu
Tumwache mtu na hiyo tofauti ya 2,000 tu? Pesa iko kwenye saa. Kawaida ni saa 45 kwa wiki, yeye anafanya 72, kwa hiyo 27 ni za ziada. Gawa 150,000 kwa saa 195 za mwezi, unapata kama 769. Zidisha mara moja na nusu, kisha kwa 27, kisha kwa wiki 4.333: 135,000 kwa mwezi. Usiku unaanza saa 2, nyongeza yake ni asilimia 5, hiyo si chini ya 10,000 nyingine. Asidanganywe kwamba saa ya kula inatolewa. Haitolewi kama haruhusiwi kuondoka getini. Na saa za ziada zisizidi 50 ndani ya wiki nne, hapo zimefika 108.

Kalamu Nyekundu
Sawa, lakini 148,000 toa 93,000 ni 55,000. Inakwenda wapi? Mbona hujasema?

Zamu_ya_Usiku
Januari pikipiki ya mgeni iliibiwa zamu yangu. Nilisaini kwamba nimekopeshwa 660,000, nikatwe miezi 12. Wameshakata Januari na Februari. Msinilaumu, ningekataa ningefukuzwa siku hiyo hiyo. Nikipokea mshahara wa Machi naondoka kimya kimya, kibarua kingine nimeshapata.

Mzee wa Busara
Kijana, mali ya mgeni imepotea ukiwa langoni. Lipa kwanza, haki utadai baadaye.

Kalamu Nyekundu
Hapana, mzee wangu. Ili akatwe kwa hasara, lazima iwe imetokana na kosa lake, mwajiri aandike sababu, kiasi na hesabu yake, na yeye apewe nafasi ya kupinga. Hata hapo makato yasizidi robo ya ujira. Robo ya 148,000 ni 37,000. Kuiita hasara mkopo hakuibadilishi. Na wewe Zamu, usitoroke! Notisi ni siku 28. Ukiondoka bila kuitumikia, ana haki ya kukata ujira wa siku hizo kwenye stahiki zako.

Chai ya Rangi
Hii chai. Mara mshahara "kwenye karatasi", mara mkataba hana. Na mlinzi kajuaje kiwango cha kampuni ndogo hadi elfu ya mwisho? Huyu ndiye mwenye gesti, anapima maji kabla mlinzi hajafika CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi).

Zamu_ya_Usiku
Karatasi ni daftari la malipo tunalosaini. Kiwango kanitajia bosi, nimeandika hapo juu. Notisi siandiki, nikiandika atanizuilia Machi yote.

Fundi Hesabu
Awe mlinzi awe bosi, hesabu haibadiliki. Na kama ni bosi, ajue hili: mkataba wa maandishi usipoletwa, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unamwangukia mwajiri. Afisa kazi naye anaweza kuingia, kukagua hilo daftari na kutoa amri ya utekelezaji.

Chai ya Rangi
Basi aweke picha ya daftari.

Kalamu Nyekundu
Usiweke hapa, lina majina ya wenzako. Lipige picha kurasa zote ubaki nazo, pamoja na karatasi ya "mkopo". Jaza Fomu Namba 1 ya CMA, mpe bosi nakala, akusainie kupokea, ndipo uipeleke. Madai yasiyo ya kufukuzwa yana siku 60. Makato ya kwanza yalikuwa lini?

Zamu_ya_Usiku
31 Januari.

Kalamu Nyekundu
Siku ya 60 ni 31 Machi, Jumapili ya Pasaka, na Ijumaa Kuu ofisi zimefungwa. Kwa usalama usivuke Alhamisi tarehe 28, yaani kabla ya huo mshahara unaousubiri.