Kidato cha tatu: nawafanyaje wachambue masuala ya dunia badala ya kukariri "faida tano, hasara tano"?

Mwl_Uraia
Wakuu, habari za majukumu. Nafundisha Uraia na Jiografia, kidato cha tatu, darasa la wanafunzi 60 na ushee, hakuna projekta. Tukigusa utandawazi au biashara ya kimataifa, majibu ni yaleyale ya kwenye notisi. Ukimuuliza mtu "umejuaje?" anabaki kukukodolea macho. Ukiitisha mdahalo, mwenye sauti ndiye anayeshinda. Nina vipindi viwili vilivyoungana, dakika 80. Naomba mpango unaotekelezeka, nadharia tumeshashiba. Na mnasahihishaje?

Chaki_na_Kifutio
Mkuu, shida inaanzia kwenye swali lenyewe. "Jadili faida na hasara za utandawazi" linajibika kwa kukariri, basi watakariri. Chukua jambo moja lenye tarehe, wahusika na pesa ndani yake. Mitumba inafaa sana, hakuna mwanafunzi atakayesema haimhusu. Swali la siku liwe: *Je, Rwanda ilifanya sawa kushikilia ushuru wake wa mitumba?*

Andaa vipande vitano vya karatasi:

- Marekani inapitisha sheria ya AGOA, inayoziruhusu nchi za Afrika kusini mwa Sahara zinazotimiza masharti kuuza huko bidhaa nyingi bila ushuru (2000).
- Wakuu wa nchi za Afrika Mashariki wanakubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua hadi 2019, na Rwanda inapandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo (2016).
- SMART, chama cha wafanyabiashara wa nguo chakavu wa Marekani, kinailalamikia serikali yake kwamba ajira 40,000 ziko hatarini (2017).
- Kenya, kisha Tanzania na Uganda, zinarudi nyuma.
- Marekani inasimamisha msamaha wa ushuru kwa nguo za Rwanda (Julai 2018).

Tarehe usiziandike, hizo ni zako. Seti mbili zinaenea kwenye A4 moja, kwa hiyo kurasa sita zinatosha vikundi 12 vya watu watano. Wanaobaki waongeze mmoja mmoja. Wagawe kwa madawati walivyokaa, ukianza kuwahamisha umeshapoteza dakika kumi.

Dakika 10 za kwanza wapange vipande kwa mantiki: kipi hakiwezi kutokea kabla ya kipi, na kwa nini. Ndipo utoe tarehe ubaoni. Dakika 15 zinazofuata waulize kila kipande: nani ananufaika, nani anaumia, na nani *hajazungumza kabisa* kwenye karatasi hizi? Hapo ndipo somo lilipo. Mama wa soko la mitumba la Karume, Dar es Salaam, anayefungua belo alfajiri hayumo. Fundi cherehani hayumo. Mfanyakazi wa kiwanda cha nguo cha Kigali hayumo, na mnunuzi mwenye shilingi elfu tatu mfukoni hayumo. Wanafunzi wakigundua hilo wenyewe, usiwape wewe majina, hata kama kimya kitakukera.

Dakika 20 za hesabu (Mizani atazieleza vizuri kuliko mimi), 15 za majadiliano ya darasa zima, 20 za mwisho kila mtu anaandika peke yake.

Na msimamo wako usitoke mdomoni kabla hawajaandika. Ukishasema "mimi naona Rwanda walikuwa jasiri", utasahihisha insha 60 zinazosema Rwanda walikuwa jasiri.

Mizani
Nimeitwa, nimefika. Takwimu usizitoe kama mapambo, wape wazikokotoe.

Belo la kawaida lina kilo 45. Ushuru wa zamani: 45 × 0.20 = dola 9. Mpya: 45 × 2.50 = dola 112.50. Wakiishia hapo wataguna tu. Washushe mpaka kwenye nguo moja: jinzi ya gramu 600 inabeba ushuru wa dola 1.50, fulana ya gramu 200 inabeba senti 50. Sasa uliza: ushuru unaotozwa kwa kilo unamwumiza nani zaidi, muuza jinzi au muuza fulana? Usiwaharakishe. Jibu linategemea bei ya nguo sokoni, na hiyo hawajapewa. Mwanafunzi anayesema "siwezi kujibu mpaka nijue bei" ameelewa kuliko aliyekimbilia jibu.

Kisha zile ajira 40,000. Maswali matatu yaandikwe ubaoni: nani kaihesabu, ana maslahi gani, na ni ajira *zilizopotea* au *zinazodaiwa zitapotea*? Aliyetoa takwimu ni chama cha wenye biashara. Hilo halimfanyi mwongo, ila linatupa sababu ya kudai hesabu yake. Fanya hivyohivyo kwa takwimu za waagizaji wa kwetu, maana na wao hutaja ajira kwa malaki. Ukiwabana Wamarekani peke yao, darasa litajifunza uzalendo na kuacha uchambuzi.

Swali la ziada kwa wenye kasi: tishio ni lilelile, mbona Kenya ilirudi nyuma mapema na Rwanda ikang'ang'ania? Kidokezo: Kenya ilikuwa ikiuza Marekani nguo za mamia ya mamilioni ya dola kwa mwaka, Rwanda kiasi kidogo sana.

Bi_Rula
Naungana nao, ila kuna mtego hawajauzungumzia. Katikati ya somo atasimama mmoja: "Mitumba ndiyo iliyoua viwanda vyetu." Darasa litapiga makofi. Usimpinge, andika kauli yake ubaoni kisha chora mstari wa miaka. Viwanda vingi vya nguo vya Tanzania vilikuwa vimeanza kuyumba mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa uhaba wa fedha za kigeni, vipuri na umeme. Milango ya biashara ilifunguliwa katikati ya muongo huo. Baadaye zikaja pia nguo mpya za bei rahisi kutoka Asia. Waulize: tukiondoa mitumba kwenye mstari huu, viwanda vingesimama? Wengine watasema ndiyo, wengine mitumba ilimalizia tu kilichokuwa kimeshalegea. Zote ni hoja, mradi waonyeshe mwaka.

Picha nazo zina hila. Ule mlima wa nguo katika jangwa la Atacama, karibu na Alto Hospicio nchini Chile, unasisimua sana, lakini hauthibitishi chochote kuhusu soko la Gikomba la Nairobi wala Karume. Ukiutumia, swali liwe "picha hii inathibitisha nini, na haithibitishi nini?"

Mdahalo wa kushindana nauweka kando kabisa kwa somo hili. Unamfundisha mtoto kutobadili mawazo, nasi tunataka aweze kuyabadili.

Mwl_Uraia
Nawashukuru sana. Mawili yamebaki. Wakishabana vyanzo hivi, wengi huishia kusema "wote waongo tu". Na Kiingereza kinawafunga midomo.

Chaki_na_Kifutio
La lugha ni jepesi: kwenye vikundi wazungumze Kiswahili bila woga, Kiingereza kije kwenye kuandika. Kuchambua na kutafuta msamiati kwa wakati mmoja ni mizigo miwili.

"Wote waongo" ni uvivu uliovaa koti la busara. Dawa yake ni kulazimisha uzito: kati ya vyanzo hivi viwili, kipi unakiamini zaidi *kwa swali hili*, na kwa nini? Chama cha wafanyabiashara kinaweza kuaminika kuhusu uzito wa belo kisiaminike kuhusu ajira. Jibu la "vyote sawa" halipati alama.

Bi_Rula
Alama nagawa hivi, jumla 10: msimamo unaoeleweka 2, ushahidi wenye chanzo 3, hoja ya upande wa pili 3, na "kitu gani kingenifanya nibadili msimamo" 2. Hoja ya upande wa pili ndiyo wanayofelia, wanaiandika dhaifu ili waibomoe kirahisi. Kipimo ni hiki: muuza mitumba akiisoma, atasema "hayo ndiyo nisemayo"? Kama hapana, moja kati ya tatu.

Insha isizidi ukurasa mmoja. Kwa darasa lako, wabadilishane kwanza, wapigie mstari kila sentensi isiyo na chanzo, waandikaji warekebishe, ndipo zije kwako. Zile zitakazobaki na sentensi nyingi zisizo na chanzo zirudishe bila kusahihisha.