Wauguzi na madaktari wa Nyanda za Juu, mliochoka mpaka mkaacha kusikia uchungu, tupeane uzoefu

Sista wa Naiti: Wakuu habari. Niko Mbeya, muuguzi mwaka wa tisa huu, hospitali siitaji jina. Wiki iliyopita naiti mgonjwa kafariki saa tisa usiku, nimemsitiri, nimeandika ripoti, nikarudi nikamalizia kiporo changu cha wali. Nimekuja kushtuka asubuhi niko kwenye daladala, kumbe sijasikia chochote kabisa. Zamani nilikuwa najifungia chooni nalia. WHO mwaka 2019 wameiweka hiyo banauti (kuchoshwa na kazi) kwenye ICD-11, orodha yao ya magonjwa na hali za kiafya, ila wanasema sio ugonjwa, ni hali inayoletwa na kazi: nguvu kuisha, kuwa mbali na kazi yako au kuichukia, na kuona huiwezi tena. Mimi ni hiyo ya pili. Sasa kama sio ugonjwa, ED, ile ruhusa ya daktari ya kupumzika kazi, unaiombea nini?

Mkunga Makete: Dada pole sana. Mimi zahanati niko peke yangu, chanjo mimi, kliniki mimi, kuzalisha mimi, na vitabu vya MTUHA, vile vya takwimu za huduma, vinanisubiri mwisho wa mwezi. Wananigongea nyumbani, mwezi wa saba na ile baridi yetu unaijua. Nilifika mahali nachukia mlio wa pikipiki, maana huku pikipiki usiku ni mjamzito analetwa. Nimeenda likizo kwa mama, bodaboda ikapita zake tu, mama akanikuta nimesimama katikati ya chumba natafuta glavu.

Dokta Iringa: Kamwene. Yangu ni ya intani, nikiwa daktari wa mazoezi. Ilitokea ajali ya basi, tumeshona watu usiku kucha, asubuhi nikaunganisha na raundi na mchana bado nipo. Nikamwandikia mtoto dozi ya mtu mzima. Sista mmoja wa umri wa mama yangu akaniambia taratibu, dokta hebu iangalie tena hii, nikamfokea mbele ya ndugu wa mgonjwa. Alikuwa sahihi, mtoto hakupewa. Lakini ile kumfokea ndio mpaka leo inaniuma kuliko hata dozi yenyewe, na nilimwomba msamaha baada ya miezi miwili, nilikuwa nakwepa wodi yake.

Bado Mtaani: Kazi ya wito hiyo, mnalialia nini? Wengine tuna vyeti mwaka wa nne huu, ajira hakuna.

Mkunga Makete: @Bado Mtaani mdogo wangu wala sikubishii, hicho ndicho kinachoniumiza. Wewe uko nyumbani na cheti, mimi niko peke yangu zahanati. Njoo hata kesho, nitakupa pikipiki zote za usiku.

Sista wa Naiti: Mrejesho. Nimejikaza nimeongea na metroni, nilijua atanisema, kumbe na yeye yalishamkuta, kanitoa wodini kanipeleka kliniki ya watoto, hakuna naiti. Usingizi umerudi kidogo. Ila jana Mwanjelwa mama muuza ndizi kanishika mkono, ndaga fijo (asante sana) sista, ulimhangaikia sana mume wangu, akanipa chane zima. Nimecheka naye pale, nimepokea. Mpaka nafika Uyole nawaza, huyo mume alikuwa nani, na je, alipona?