Mshindani amewashawishi wakulima wavunje mkataba wangu: naweza kumdai yeye?

Mkamuaji wa Zabibu:
Wanajukwaa, habari za kazi. Nina kiwanda kidogo cha kukamua mchuzi wa zabibu, yaani maji yake, hapa Dodoma. Kikundi kimoja cha wakulima wa Hombolo kilisaini nami mkataba wa kuniuzia zabibu zake zote za mavuno ya Agosti na ya Februari kwa bei tuliyokubaliana, nami nikawatangulizia fedha za dawa ya ukungu. Mnunuzi mwingine alionyeshwa nakala ya mkataba huo na katibu wa kikundi, kisha akawaandikia kwenye kundi lao la WhatsApp: "Leteni mzigo kwangu, gharama za kuvunja mkataba nitabeba mimi." Wakapeleka, na matenki yangu yakabaki matupu. Je, naweza kumdai mtu ambaye hakusaini nami karatasi yoyote?

Wakili wa Chamwino:
Unaweza, ndugu yangu. Mkataba unawafunga waliousaini tu, lakini anayemshawishi mtu auvunje kwa makusudi hutenda kosa lake mwenyewe la kiraia. Kanuni hiyo ilijengwa Uingereza mwaka 1853 katika shauri la Lumley dhidi ya Gye, ambapo mwimbaji Johanna Wagner alishawishiwa aache jukwaa la Lumley alilokuwa ameahidi kuimbia na kwenda kwa mshindani, Gye. Kwetu inaingia kupitia Sura ya 358 ya sheria za Tanzania (Judicature and Application of Laws Act), inayopokea kanuni za mahakama za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kwa kadiri mazingira yetu yanavyoruhusu.

Lumley alishinda kwenye hoja ya kisheria, lakini ushahidi uliposikilizwa baraza la wazee wa mahakama (jury) likampa ushindi Gye, kwa kuwa aliamini kwa dhati kwamba mkataba ule haukumfunga mwimbaji. Ndiyo maana kumwonyesha mahakamani mnunuzi aliyetoa bei nzuri hakutoshi kabisa; ushindani wa bei ni halali, na ni haki ya mkulima kuufaidi. Utatakiwa kuthibitisha kwamba aliujua mkataba, akakusudia uvunjwe, ukavunjwa kweli, na wewe ukapata hasara. Ule ujumbe wa kubeba gharama ndio uti wa mgongo wa shauri lako.

Mama Alizeti, Kibaigwa:
Kaka, basi utunze ujumbe huo ndani ya simu ulimopokelewa, usitegemee picha yake pekee. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitaka mahakama ipime jinsi ujumbe ulivyotunzwa na jinsi mtumaji alivyotambuliwa. Tafuta pia zabibu kwingine na uweke risiti za mizani, kwa sababu kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba kinaangalia kama ulikuwa na njia ya kupunguza hasara.

Mkamuaji wa Zabibu:
Asanteni sana. Wakulima hawa tumetoka nao mbali na sipendi kuwaburuza mahakamani. Naweza kuwaacha nje?

Wakili wa Chamwino:
Unaweza kumdai mnunuzi peke yake na kumwita katibu kama shahidi, ingawa fedha ya dawa uliyotanguliza utaidai kwa kikundi. Ukiwaunganisha, hasara ileile hailipwi mara mbili. Ukomo, yaani muda wa mwisho wa kufungua shauri, nao unatofautiana: dai la kushawishi ni miaka 3, la mkataba ni miaka 6. Lakini la haraka zaidi ni mavuno ya Februari, ambayo bado yamo ndani ya mkataba wako. Mpelekee mnunuzi notisi ya madai wiki hii, na asipoacha, fungua shauri ukiambatanisha maombi ya zuio la muda kabla zabibu hazijaiva.