Street Fighter II inatoa mapigo ambayo mchezaji hakuyaomba: kasoro ni ya mashine au ya gemu?

KibandaMwanga (Kigoma)
Habari zenu, wakuu. Nina kibanda cha gemu hapa Mwanga, na ndani yake lipo kabati la mbao nililofunga ndani yake kompyuta ya zamani inayoendesha emuleta ya MAME (programu inayoiga mashine za gemu za zamani), pamoja na jostiki mbili na vitufe sita kila upande. Gemu inayopendwa zaidi ni ile ya mapigano, Street Fighter II ya mwaka 1991, na ndiyo inayoniletea ugomvi. Wakati mwingine mchezaji anabonyeza ngumi ya kawaida, mpiganaji wake Ken anaruka na Shoryuken (ngumi maalumu ya kupaa juu) ambayo mwenyewe anaapa hakuiomba. Wakati mwingine vitufe havijibu, hasa wote wawili wanapobonyeza kwa pupa. Juzi mpiganaji mwingine, Guile, alimnasa mwenzake, wakaganda wote hadi nikazima mashine, na aliyekuwa anaongoza akadai hela yake. Naomba kujua kasoro hizi zinatoka wapi kabla sijanunua vifaa bure.

FundiIsevya (Tabora)
Hayo ni magonjwa mawili tofauti, mkuu. Vitufe visivyojibu ni vya mashine yako. Nadhani ulichukua sakiti ya kibodi ya kawaida ukaunganisha swichi zote humo. Kibodi za bei nafuu husoma vitufe kwa gridi ya nyaya, kwa hiyo vingi vikibonyezwa kwa pamoja hushindwa kuvitofautisha na baadhi huachwa. Tafuta sakiti za jostiki za USB, kila mchezaji na yake. Ila kabla ya kutoa hela, wabadilishe wachezaji pande huku kila mmoja akibaki na mpiganaji wake: kasoro ikibaki upande uleule, kagua swichi na nyaya za upande huo, ikimfuata mpiganaji popote aendapo, imo ndani ya programu na bisibisi haitaifikia.

RaundiYaTatu (Ujiji)
Ya Ken na Guile yamo ndani ya programu. MAME huendesha maelekezo yaleyale yaliyokuwa kwenye chipu za bodi ya awali, hivyo makosa ya mwaka 1991 yamekufikia yakiwa kamili. Katika toleo hilo, kila ukibonyeza shambulio la kawaida upo uwezekano mdogo, kama mara moja katika 512, wa pigo maalumu kutoka bila kuzungusha jostiki. Kuganda kwa Guile nako kunajulikana tangu enzi hizo, na wapo waliojifunza kukusababisha makusudi wanapoona wanashindwa, jambo ambalo kwangu ni uhuni mtupu. Weka toleo lililofuata, Champion Edition ya 1992, ambayo pia inawaruhusu wote wawili kumchagua mpiganaji mmoja. Hakikisha tu hukupata ile iliyochakachuliwa iitwayo Rainbow: ukiona Hadouken (mipira ya nguvu inayotoka mikononi) zinarushwa mpiganaji akiwa hewani, au mtu anabadilisha mpiganaji katikati ya pambano, ifute.

TekeZito (Kigoma)
Napinga kidogo hoja ya kuliondoa toleo la 1991. Hata kuunganisha mapigo mfululizo, ambako leo ndiko roho ya gemu zote za mapigano, hakukupangwa: Noritaka Funamizu wa Capcom, kampuni iliyoitengeneza gemu hii, alikugundua alipokuwa akikagua hatua ya kuvunja gari, wakaamua kukuacha, na Super Street Fighter II ya 1993 ikaanza kuyahesabu mapigo hayo kwenye skrini. Shoryuken ya bahati iache ihesabike, kwa kuwa inaweza kumtokea yeyote. Guile akiganda, pambano lirudiwe bila malipo na hela isirudishwe. Bandika sheria hiyo ukutani kabla hawajalipa, si baada ya ugomvi kuanza.

KibandaMwanga (Kigoma)
Nashukuru sana. Ni kweli nilitumia sakiti ya kibodi. Nimewabadilisha pande, na Guile ameganda akiwa kulia na akiwa kushoto vilevile, kwa hiyo huyo nimemwachia RaundiYaTatu. Champion Edition nitaiweka, na la 1991 litabaki kwa wanaokubali sheria ya TekeZito. FundiIsevya, hizo sakiti za USB zinakubali swichi za nyaya mbili nilizonazo, au na swichi ninunue upya?

FundiIsevya (Tabora)
Zinakubali. Badilisha zile zilizolegea tu.