Wakuu naomba ushauri: Beetle la 1958 limelala miaka mingi, naliamshaje kwa ajili ya safari ya mzee?

Mwana_Njiapanda
Habari za muda huu wakuu. Nimekwama na siku zinayoyoma.

Kuna Volkswagen Beetle la mwaka 1958, la mzee wangu. Limekaa chini ya turubai miaka na miaka. Mwezi ujao mzee anatimiza miaka 80, nataka nimrudishe kwenye ile barabara ya zamani aliyokuwa akipita nalo kabla lami mpya haijachongwa upande wa pili wa kilima. Ni kilomita kama 180 kwenda tu. Kipande cha mwisho ni mteremko wa kona kona hadi kwenye daraja jembamba la chuma.

Naomba mnisaidie mambo matatu. Oili gani inafaa? Rangi nipige kijivu au buluu ya mawingu? Na ile mikono ya kuonyesha upande, inayochomoza kwenye nguzo ya mlango kama kwenye picha ya zamani, inafungwaje? Nimeshaiagiza.

Betri mpya ya voti 12 nimeweka, petroli nimejaza pale ubavuni na geji imepanda vizuri. Kwa hiyo gari ni zima, msinitishe.

Siti_ya_Nyuma
Naweka kambi. Buluu ya mawingu mkuu, usiulize tena.

Choki_Vuta
Kijivu. Buluu inaonyesha vumbi.

Platini_Pointi4
Mkuu, oili ni ya mono SAE 30 au 20W-50, lita 2.5 tu. Injini hii haina filta ya kubadilisha, ina chujio la waya chini, limeshikwa na bamba lenye nati sita ndogo. Nunua gaskiti mbili na washa za shaba, na nati hizo zikaze kidogo tu. Wengi wanazikaza mpaka bamba linapinda, halafu wanashangaa oili inavuja.

Kabla ya hapo nusa oili iliyomo. Ikinukia petroli, pampu ya mafuta imechanika diaframu na inamwaga ndani ya injini. Hiyo si oili tena, usiwashe.

Gari lililolala haliamshwi kwa ufunguo. Toa plagi zote nne, tia oili kijiko kimoja cha chai kila silinda, liache usiku kucha, kisha zungusha injini kwa mkono kwa spana kwenye kapi. Ikizunguka laini ndipo uje kwenye stata. Nafasi ya valvu pima injini ikiwa baridi kabisa, milimita 0.10. Platini, yaani vile vidude vinavyokata umeme wa plagi, viachane milimita 0.40. Mpangilio wa silinda kuwaka ni 1-4-3-2, na mafundi waliozoea magari ya leo hukosea hapo, nyaya mbili za plagi zikipishana gari linapiga baruti tu kwenye eksozi.

Mipira ya petroli badilisha yote, ya mbele chini ya tangi na ya nyuma kwenye injini, yenye kipenyo cha ndani cha milimita 5. Pia kagua kile kibomba cha shaba kinachoingia kwenye kabureta. Kikilegea kinachomoka, petroli inamwagika juu ya injini ya moto. Beetle nyingi zimeteketea kwa kibomba hicho.

Bi_Spana
Kaka, hujasema lililazwa kwa sababu gani. Gari halifunikwi turubai bila sababu. Na breki je?

Mwana_Njiapanda
Breki zipo dada. Mimi naomba kujua rangi na mikono.

Bi_Spana
"Zipo" si jibu. Ukikanyaga pedeli inasimama wapi?

Utingo_Mstaafu
Vijana mnakumbusha mbali. Enzi hizo daraja la chuma lilikuwa na sheria yake: anayewahi kuwasha taa ndiye anayepita, mwingine anasubiri. Lori likipanda mlima utingo anakimbia pembeni na gogo mkononi, likisita tu analisukumia nyuma ya tairi. Kuwasha kwa hendeli nako kulikuwa na adabu yake. Dole gumba linakaa upande mmoja na vidole vingine, huzungushii mpini, kwa sababu injini ikirudisha teke inavunja mkono. Unavuta hendeli kwenda juu, huisukumi kwenda chini.

Na ile barabara ya changarawe yenye matuta madogo ya mfululizo, ukienda polepole gari linatikisika mpaka skrubu zinadondoka. Madereva walikuwa wanapandisha hadi kilomita 60 au 70 kwa saa, tairi linapita juu ya vichwa vya matuta. Raha kweli. Ila hapo tairi haligusi ardhi sawasawa, ukifunga breki unateleza.

Bi_Spana
Asante mzee wangu, umenisaidia bila kujua. Mleta uzi, pedeli inasimama wapi?

Mwana_Njiapanda
Sawa basi. Pedeli inaenda mpaka chini, lakini ukipampu inapanda na gari linasimama. Magari yote ya zamani yalikuwa hivyo, mzee mwenyewe anasema walikuwa wanapampu. Nimeshaalika watu na mpiga picha nimeshamlipa, siwezi kuahirisha. Nitashuka na gia ya pili polepole.

Na kabla hamjauliza: yale mabati yaliyoizunguka injini nimeyavua yakapakwe rangi, nikawasha bila hayo. Naona injini inapata hewa vizuri zaidi.

Platini_Pointi4
Zima! Usiwashe tena mpaka mabati yarudi.

Injini hii haina maji. Feni inasukuma hewa, na mabati hayo ndiyo yanayoilazimisha ipite katikati ya mapezi ya silinda badala ya kutawanyika. Pia yanatenganisha hewa baridi ya juu na hewa moto ya chini. Ukiyatoa, feni inanyonya joto lilelile. Silinda ya tatu ndiyo ya kwanza kuumia, maana kwenye injini za miaka ile kipooza oili kinakaa juu yake na kuizibia hewa. Valvu yake ya eksozi ikikatika kichwa, inatoboa pistoni.

Mkanda nao: bonyeza kwa kidole katikati, uingie kama milimita 15. Mkanda huohuo unazungusha dainamo na feni, kwa hiyo taa nyekundu ya chaji ikiwaka njiani simama palepale, hata kama betri ni mpya. Magari mengine unaweza kusema "nitafika tu". Hili hufiki.

Bi_Spana
Sasa tuje kwenye breki. Pedeli ya Beetle ikiwa nzima inasimama juu, na ngumu. Madereva walipampu kwa sababu viatu vimelika na hakuna aliyevirekebisha. Zamani hapakuwa na kujirekebisha kwenyewe, ilikuwa kazi ya kila safari ndefu.

Anza hivi. Angalia kopo la mafuta ya breki ndani ya boneti ya mbele. Kama linapungua, kuna mahali panavuja: masta silinda (pampu kuu ya breki) au silinda ndogo za magurudumu. Gari lililolala miaka mingi usirekebishe kimoja, weka masta mpya, silinda ndogo nne, na mipira minne ya mafuta ya breki. Mpira wa zamani unavimba ndani, unapitisha mafuta kwenda lakini hauyarudishi, na gurudumu linabaki limeshikwa mpaka drami inanuka. Kwa nje unaonekana mzima.

Kuna nyota mbili za kurekebishia kila gurudumu, moja kwa kila kiatu cha breki. Unazifikia kwa bisibisi. Kaza mpaka gurudumu linakwaruza, rudisha meno matatu au manne. Fanya hivyo KABLA ya kutoa hewa, la sivyo utapampu mpaka jioni. Hewa anza kutoa kwenye gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, umalizie la karibu. Tumia mafuta ya breki ya DOT 4 kutoka kopo jipya, maana iliyofunguliwa siku nyingi imeshanyonya unyevu na itachemka mteremkoni. Kati ya fimbo ya pedeli na pistoni ya masta acha nafasi ya milimita 1. Bila nafasi hiyo breki zinajifunga zenyewe zikipata moto.

Drami za nyuma zimeshikwa na nati ya milimita 36. Kurudisha ni takriban Nm 300. Tundu la pini ya kufungia nati lisipolingana, endelea kukaza hadi linalofuata, usilegeze.

Kuhusu "gia ya pili": injini inashika magurudumu ya nyuma tu. Ukiachia mafuta ghafla kwenye kona, ekseli za nyuma za Beetle za aina ya zamani zinajikunja chini ya gari. Gia ya pili ni msaada, si mbadala.

Mchunga_Kondoo7
Ndugu zangu, waheshimuni wazazi. Mzee wa miaka 80 anahitaji utulivu na ibada, si mteremko. Mfanyie shukrani nyumbani.

Siti_ya_Nyuma
Na keki ipigwe buluu ya mawingu.

Kumbukumbu_Kavu
Mnalidharau gari hili. Safari Rally ilipoanza 1953, Beetle ndiyo ilishinda. Ikashinda tena 1954, 1957 na 1962, kwenye matope na vumbi ambalo magari ya leo yangelia. Tumbo lake ni bapa, na injini ikikaa nyuma uzito unakaa juu ya magurudumu yanayosukuma. Mwacheni kijana aende.

Bi_Spana
Zilizoshinda zilikuwa na breki, mkuu.

Kadi_na_Namba
Wakuu mmeandika vizuri, lakini nimerudi kusoma uzi kuanzia juu, naona hii ni chai.

Gari ni la 1958. Sawa. Geji ya mafuta imetoka wapi? Beetle ya mwaka huo haina geji, ina wenzo wa akiba karibu na miguu. Gari likianza kukohoa unausukuma kwa kiatu unapata lita chache za kufikia kituo. Geji ilikuja na modeli ya 1962. Betri ya voti 12? Ya 1958 ni voti 6. Na "nimejaza petroli ubavuni" ndiyo iliyonimaliza. Mwaka huo unafungua boneti ya mbele, tangi liko mle ndani. Kifuniko cha ubavuni kilikuja Agosti 1967.

Hana gari huyu. Kaona picha mtandaoni.

Choki_Vuta
Duh. Chai ya tangawizi kabisa.

Siti_ya_Nyuma
Uzi bila picha huwa hivi. Nimechagua rangi ya gari ambalo halipo.

Mchunga_Kondoo7
Uongo ni dhambi, hata mtandaoni.

Mwana_Njiapanda
Mimi si muongo. Nyuma ya picha ya mzee imeandikwa kwa wino "1958", yeye amesimama kando ya gari, mkono wa kuonyesha upande umechomoza. Gari ndilo hili lililo chini ya turubai. Kwani kuna haja gani ya kutunga habari ya breki mbovu?

Bi_Spana
Hapo namuunga mkono. Mtunga hadithi asingejua kuvua mabati ya injini.

Kadi_na_Namba
Basi tumalize ubishi. Inua siti ya nyuma. Katikati, kwenye mgongo wa chesesi, kuna namba iliyogongwa. Kuanzia modeli za 1965 ni tarakimu tisa: mbili za kwanza ni aina ya gari, ya tatu ni mwaka wa modeli. Zilizobaki usiziandike hapa.

Platini_Pointi4
Na ukiwa humo angalia betri. Inakaa chini ya siti hiyohiyo. Ikiwa ndefu kuliko inavyotakiwa, springi za siti zinagusa nguzo zake abiria mnene akikaa, na siti inawaka moto. Weka kifuniko cha mpira au plastiki juu ya nguzo. Kagua na bati la sakafu chini yake, tindikali hulila.

Mwana_Njiapanda
Inaanza na 118. Bati la sakafu lina tundu la kupita ngumi.

Kadi_na_Namba
Nane ni 1968. Neno "chai" nalirudisha jikoni, gari lipo. Ila si la kwenye picha.

Mwana_Njiapanda
Nimemuuliza mzee. Amecheka. La kwenye picha lilikuwa la kazini, alikuwa analiendesha tu. Hili alilinunua baadaye, limetumika. Anasema barabara ile alipita na yote mawili, na hili ndilo lililomsumbua breki hadi akaliegesha.

Bi_Spana
Jibu la swali langu la kwanza hilo.

Utingo_Mstaafu
Wazee picha zao huchanganya. Gari la kazini ndilo linalopigwa picha, kwa sababu linaoshwa.

Mwana_Njiapanda
Sasa si nifunge ile mikono tu? Mzee aliipenda kwenye lile la kwanza. Nimeshalipia, naweza kukata nguzo kidogo.

Platini_Pointi4
Usikate nguzo ya mlango. Ndiyo inayobeba bodi, na kwenye gari lenye sakafu iliyotoboka utaliona linakunjika mlango ukigoma kufunga. Halafu mikono ya miaka ile koili zake ni za voti 6. Ukiipa voti 12 bila kupunguza umeme, koili inaungua na mkono unabaki umesimama nje. Beetle zenyewe ziliiacha kufikia 1960, madereva wa nyuma walikuwa hawaioni mchana.

Pesa hiyo peleka kwenye bati la sakafu na masta silinda. Spea si tatizo, gari hili liliendelea kutengenezwa Puebla, Mexico, mpaka Julai 2003.

Mwana_Njiapanda
Masta silinda na mipira naagiza leo. Fundi wa kuchomelea sakafu anakuja Jumanne. Watu nitawaambia tarehe imesogea, ila mpiga picha hataki kurudisha hela. Mikono bado naifikiria.

Bi_Spana
Muite mpiga picha siku ya breki. Na tairi usisahau. Soma tarakimu nne za mwisho pembeni, wiki na mwaka. Zikiwa tatu tu, tairi ni la kabla ya 2000, tupa hata kama kashata zake zimejaa.

Kumbukumbu_Kavu
Mikono unaiuzaje? Nahitaji ya voti 6. Bei usiweke hapa, njoo PM.