Mshipi wa ratili ngapi kwa changu wa miambani? Napoteza vifaa kila nikitoka

MwanaSahare:
Wakubwa shikamooni. Nipo Tanga, huu mwezi wa pili tangu nianze kuvua. Natupa kutoka nchi kavu upande wa Raskazone, fimbo yenye rili, mshipi ratili 20, yaani uzito unaohimili kabla haujakatika. Chubwi, kile kizito cha kuzamisha mshipi, nafunga mwisho, juu yake ndoana mbili, chambo ngisi. Jumamosi nimeacha machubwi saba miambani, pamoja na ndoana zake. Muuza duka ananishauri nichukue ratili 80, hautakatika kamwe. Nichukue? Nalenga changu, nikijaliwa na chewa mdogo.

Nahodha Mstaafu:
Marahaba mwanangu. Ratili 80 iache dukani. Hiyo ni kama kilo 36, mshipi wa mkono, wa mtu aliye chomboni anayempandisha chewa mkubwa wima. Kwenye rili yako utaingia kidogo tu, na kwa unene ule hutupi mbali. Na ukinasa mwambani utaukata na nini? Utakuchana vidole kwanza. Ratili 20 ni kilo 9, kwa changu wa kando inatosha na kubaki.

Kosa lipo pale ulipolifunga chubwi. Chubwi ndilo linaloingia kwenye mianya, ndoana ni mara moja moja. Basi lining'inize kwa kipande cha uzi dhaifu, ratili 10, urefu wa shibiri. Likinasa, unavuta taratibu, kinakatika kile kipande peke yake. Ndoana inarudi, na samaki kama yupo anarudi. Mimi miambani situmii hata chubwi la risasi la kununua, nafunga nati kuukuu.

Mvuvi wa Kando:
Naafiki, ila tahadhari. Uzi huo dhaifu ukirusha kwa nguvu chubwi zito, unakatika hewani na chubwi linakwenda kumpiga mtu. Tupa kwa mzungusho wa pole, na angalia nyuma yako. Kama watu ni wengi, usiutumie kabisa.

Binti wa Kigombe:
Mdogo wangu, punguza ndoana ibaki moja. Mbili miambani ni kujitafutia kunasa mara mbili, na kila uzi unaobaki kule chini unakaa miaka, kasa wananaswa. Hilo linaniuma sana.

Jingine, ulitoka siku gani? Kama ilikuwa bamvua, siku maji yanapojaa na kupwa sana, yanakwenda kasi, chubwi dogo linaburutwa mpaka limejificha mwambani. Jaribu maji mafu, siku yasipojaa wala kupwa sana. Marehemu baba alinifundisha pia kupitisha pima ya mwisho ya mshipi vidoleni kila baada ya kunasa. Ukihisi mkwaruzo, kata pale pale. Ratili 20 iliyochubuka haina tena ratili 20, na ukikuta kikande wamekuja, meno yao yanamaliza kazi.

MwanaSahare:
Ahsanteni sana. Ilikuwa bamvua kweli, sikujua. Kuna mtu kaniambia chubwi lenye tundu, linaloteleza juu ya mshipi, ni bora zaidi?

Nahodha Mstaafu:
Penye mchanga, ndiyo. Samaki anavuta chambo bila kuhisi uzito. Penye mwamba linakaa chini pamoja na ndoana, vyote vinapotea. Wewe baki na ndoana juu, chubwi chini.

MwanaSahare:
Na mafundo? Moja lilifunguka lenyewe.

Binti wa Kigombe:
Lilowanishe kwa mate kabla hujakaza. Nailoni kavu ikikazwa inapata joto la msuguano na kudhoofika pale pale kwenye fundo. Kisha vuta kwa mkono kabla hujatupa. Afadhali likuachie ufukweni.